Fomu ya Kijiji cha Kuliki

Wilaya imenituma na fomu ya kurasa mbili
nikathibitishe kwamba Kuliki haipo.

Mahali: kilomita thelathini na nne toka lami,
kumi na moja za mwisho ni tope
linalomeza buti na kulirudisha shingo upande, kama mdaiwa.
Kaskazini, msitu wa misonobari.
Kusini, msitu ule ule, umezunguka.
Katikati mto Vekhta, mwembamba kama uzi,
ila Aprili, barafu ikipasuka
kwa kishindo cha kabati la vyombo lililoanguka ngazini,
uzi huo hubeba madaraja.
Umeshabeba manne.
La tano halikujengwa.

Asili ya jina: kitwitwi,
ambaye kwa lugha ya hapa ndiye kulik.
Waliotangulia walikuwa wakikimbia kodi, au jeshi, au wakwe
(fomu ina nafasi ya sababu moja).
Walimkuta kando ya kinamasi amelalia mayai,
wakasema, alipotaga huyu hapazami.
Ghala la kwanza lilizama.
Wakabaki.

Uchumi: kitani.
Julai makonde yalichanua buluu tupu
hata ng'ombe, asema Glafira Potapovna,
walikwenda kuinamisha vichwa wakitaka kunywa.

Glafira ndiye aliyenifungulia mlango.
"Haipo, umesema?
Basi vua viatu, unachafua sakafu ya mahali pasipokuwapo."

Akawasha birika la shaba.
Akanionyesha majirani dirishani, kidole kikigusa kioo:
pale Zosima wa nyuki, paa limeingia ndani;
pale Kapitolina na Feoktista, ndugu wa tumbo moja,
hawakusemeshana miaka kumi na tisa kwa ajili ya bata bukini,
na kisima kilikuwa kimoja,
mmoja akiteka alfajiri, mwenzake magharibi.
Bata mwenyewe alikufa mwaka wa pili.

Majengo ya umma:
kanisa, likawa ghala la ngano,
likawa sinema kila Jumamosi,
likawa la njiwa. Njiwa ndio waumini waliodumu.

Vita: waliondoka wanaume hamsini na watatu
kwa miguu, juu ya daraja la tatu.
Walirudi saba.
Baba yake, Yefim, alirudi na mkono mmoja wa shati umebanwa kwa pini,
na kwa mkono uliosalia akachonga fremu za madirisha yote ya kijiji,
kila dirisha kitwitwi, kila kitwitwi ametazama barabarani.
"Kwa nini barabarani?"
"Hakusema. Tukaacha kuuliza."

Baada ya hapo umeme. Baada ya umeme, shule kufungwa,
madawati kumi na mawili juu ya trekta, kengele juu ya madawati
ikilia yenyewe kwenye kila shimo.
Hakuna aliyefukuzwa. Hilo ndilo gumu kuliandika.
Mmoja alifuata kiwanda,
mwingine alimfuata huyo wa kiwanda,
Zosima alifuata meno, maana daktari wa meno alikuwa mjini.

Penye wazee haliharibiki neno, husemwa.
Penye mzee mmoja, je?

Idadi ya wakaazi.
Nikaandika: 1.
Akatazama kalamu yangu kama mtu anayetazama kuku wa jirani bustanini.

"Jumanne huja gari la duka," akasema. "Nanunua mikate sita."
"Sita?"
"Mmoja wangu. Mmoja wa mbwa."
"Na minne?"
Alikuwa amegeuka, anachochea jiko.
Juu ya jiko palining'inia vifuko vya kitani,
mkate mkavu umefungwa ndani, kila kifuko na fundo lake.
"Juni huja kuyaona makaburi," akasema.
"Hufika na njaa. Si wote. Si kila Juni."

Mstari wa mwisho: lipo / halipo. Kata lisilohusika.

Ofisini waliniuliza.
Niliweka buti mezani, moja tu,
nikasema barabara haikupitika,
fomu irudishwe mwakani,
na mfukoni kidole changu kilikuwa kikivunja, taratibu,
kipande cha mkate mkavu.